Chini ya Tuta Hakuna Watu

Jumatatu, 7 Aprili

Ukaguzi wa kabla ya masika. Bwawa la tatu leo: Mkwajuni, huku Changamwe. Dogo. Tuta la udongo, kazi yake kuzuia maji ya mvua yasishukie bonde kwa kishindo. Mguuni mwa tuta pana unyevu, eneo la mkeka mmoja. Faili inasema: hatari ndogo, chini mashamba matupu. Nikashuka kuhakikisha. Hakuna shamba. Nyumba arobaini na moja, nimezihesabu mara mbili, na kanisa la mabati. Sahihi iliyo kwenye faili ni yangu. Miaka minne iliyopita nilisimama juu ya tuta, jua kali, nikaandika bila kushuka. Mjinga mimi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeandika upya: hatari kubwa. Daraja la hatari haliulizi tuta ni zima au bovu. Linauliza likipasuka atakufa nani. Mhandisi Baraka, mkuu wangu, kanirudishia fomu. "Riziki, ukiandika kubwa, tunatakiwa tuwe na mlinzi wa tuta na mpango wa kuhamisha watu. Vyote hatuna."

Kwa hivyo tuwafute watu ili karatasi ikae sawa! Sikumwambia hivyo. Nilisema, "Sawa, mkuu." Sauti yangu imenichefua kutwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mhandisi kajaza fomu nyingine mwenyewe. Ndogo. Sahihi yake safari hii.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua siku ya nne. Nimekwenda Mkwajuni bila kutumwa. Pale penye unyevu sasa maji yanatiririka. Bado meupe. Nyumba ya kwanza chini ya tuta ni ya Mama Kadzo, muuza mihogo, kiongozi wa akina mama kanisani. Nikamweleza: yakigeuka ya matope, jua udongo unaliwa kwa ndani. Usimsubiri mtu. Toka na wenzako.

"Mwanangu, mlijua lini?"

Nikamwambia kweli yote, pamoja na sahihi yangu. Nilitamani anitukane. Badala yake akasema, "Haya, nipe namba yako."

Jumanne, 6 Mei

Mama Kadzo alipiga simu saa nne asubuhi. "Yamekuwa kama chai ya maziwa." Nikamkimbilia Mhandisi. Eti nisubiri apate kibali cha kutangaza dharura. Kibali! Nikapanda bodaboda. Nilipofika Mama Kadzo alishaanza, anagonga sufuria nyumba kwa nyumba. Wengine walikataa kutoka, nikawafokea kama mwendawazimu. Mzee mmoja aliyepooza tulimbeba na kiti chake. Saa saba kasoro tuta likakatika katikati. Tulikuwa ng'ambo, mlimani, tunatazama. Kanisa liliondoka zima, kisha likakunjika. Hakufa mtu. Ningemwona Mhandisi pale ningemrushia tope usoni.

Alhamisi, 8 Mei

Wakubwa wamekuja ofisini. Nikamsikia Mhandisi akiwaambia, "Wataalamu wetu waliwaondoa wananchi mapema." Bila haya. Nikaingia bila kubisha hodi, nikaweka fomu tatu mezani: yangu ya zamani, yangu ya mwezi uliopita, na yake. Nikawasomea moja moja. Hata ile inayoniaibisha, hiyo kwanza. Jioni nimepewa barua, nisimame kazi hadi uchunguzi uishe. Yeye pia kapewa. Sikufurahi. Bado nina hasira, ila sasa sijui niielekeze wapi.

Jumapili, 11 Mei

Mvua imepumzika. Nimekwenda Mkwajuni na jembe la kuazima. Nikamwamkia Mama Kadzo, shikamoo. Marahaba yake ilichelewa, lakini ilikuja. Akanionyesha pa kuanzia. Tumechimbua matope hadi adhuhuri. Tumepata mlango mmoja mzima. Si wake. Tumeuosha, tukauegemeza kando ya njia, mwenyewe akipita auone.