Mwamba si wa Magesa

Jumatano, Kibara

Magesa, huna haya hata kidogo! Mwamba wa kuanikia dagaa umeuzungushia miba, halafu unanisimamia mkono kiunoni: "Bibi, hapa wanaanika wake zangu tu. Ni haki yetu tangu kwa mama."

Mimi niliyekukata kitovu ndiye unaniambia mambo ya haki!

Dagaa zangu nikaanika mchangani. Mvua imezikuta huko huko, sasa zinanuka. Kitoweo cha wajukuu hicho.

Mkwe wangu Nyangeta anasema jambo hili linaitwa ukiritimba. Ndiyo nini? "Mama, ni mtu mmoja kushika cha wote, wengine akawafungia nje." Na neno lenyewe limetoka wapi? Hajui.

Wala mimi sijui, ila kitu chenyewe najua kilikotoka. Mama yake Magesa alikuwaga na mguu mbovu, kuinama mchangani hawezi. Sisi wanawake tukasema, basi aanike mwambani kwanza, sisi tutafuata. Ilikuwa huruma yetu, na mwenyewe alikuwaga anashukuru. Amekufa, mtoto karithi huruma yetu kama shamba!

Kinachoniuma ni kwamba alipoweka mwiba wa kwanza tulinyamaza. Tukinyamaza tena, hawa wajukuu watakuta imeshakuwa sheria.

Kesho Nyangeta abebe panga, aifyeke miba yote. Mimi natangulia na beseni langu. Magesa akitaka kunitoa pale juu, aje aninyanyue mwenyewe, wake zake wakimtazama.