Mbawakawa Mwenye Jina Lako

Morogoro, Ijumaa, baada ya swala

Mwinshehe, mtani wangu,

Leo nilikuwa kwa Bwana Daktari, na vidole vyangu ni vya kahawia. Nimevisugua kwa ndimu na majivu, havitakati. Rangi hiyo unaijua. Siku tuliyokuosha, shehe alisugua vidole vyako mpaka akachoka, akasema, "Mwacheni aende nayo." Ukaenda nayo.

Ndugu zangu wa Turiani bado sijawaandikia. Nimeanza na wewe, maana habari ni yako. Umeshinda.

Unamkumbuka yule mbawakawa uliyempata kule mlimani juu ya Mto Morogoro, siku ulipoteleza ukang'oa jiwe hata kabla hatujawasha moto wetu wa moshi. Alikuwa ndani ya kiota cha sisimizi wenye vichwa vikubwa, mdogo kama punje ya mchele, na pembe mbili pana kama makafi. Ulipomshika alitoa mlio, pu, na moshi kidogo, akakubabua vidole. Njiani pembe moja ilikatika. Ukaibandika kwa ulimbo, kama tulivyobandika miguu ya panzi na mabawa ya vipepeo tangu tulipoajiriwa kumkusanyia Bwana wadudu. Hakuna aliyewahi kutukataza.

Safari hii Bwana aliweka kioo jichoni. Akaona ulimbo, akaona na pembe ambazo hajapata kuziona kwa mbawakawa yeyote, akaamua kwamba umejitengenezea mdudu. "Mwinshehe, wewe fundi," alisema, akacheka, akamtupa dirishani. Angekutukana ungemjibu. Kile kicheko kilikushinda.

Kicheko kikashuka mpaka sokoni. Wakakuita Bwana Ulimbo. "Bwana Ulimbo, sahani yangu imevunjika, nibandikie." Ulicheka nao, lakini tukifika nyumbani ulikuwa unageukia ukutani. Kisha homa ikakuchukua, na jina lile likabaki.

Unajua kazi yangu ilikuwa nini siku ya maziko. Mimi Mzigua, wewe Mluguru. Nilipaswa kuruka kaburini, niwazuie wachimbaji, nikuseme mabaya yote mpaka mama yako acheke katikati ya machozi. Watu wote walinitazama. Lakini mzaha uliokuwa midomoni mwao ulikuwa ule mmoja wa ulimbo, nami sikuutaka. Nikasimama kama mpita njia. Shangazi yako akasema, "Mzigua gani huyu, amemeza ulimi?"

Masika yalipoanza nikapanda mlimani kumtafuta mbawakawa wako. Ulinijua mimi na taratibu zangu, ulikuwa unanicheka. Kila jiwe nililoinua nililitia alama ya chokaa na kulirudisha lilivyokuwa, na jioni niliandika kwenye daftari langu tarehe, mahali, na neno moja: hakuna. Kurasa nzima, Mwinshehe. Hakuna, hakuna. Nilifika mahali nikaanza kujiuliza kama kweli nilimwona kwa macho yangu.

Halafu siku moja mvua ikaninyeshea mpaka majani ya kuwashia moto yakalowa. Sisi siku zote tulianza kwa moshi, kama warina asali, ili sisimizi wapungue ukali. Siku hiyo sikuwa na moshi. Nikasema acha waniume, nikainua tena lile jiwe lako hivyo hivyo. Naye alikuwa pale. Sisimizi wamemzunguka, wanamlamba zile pembe kama mbuzi wanaolamba chumvi. Ndipo nikaelewa kwamba moshi wetu ndio uliokuwa ukimzamisha chini ardhini. Nilikaa kwenye matope nikalia, sisimizi wakinila miguu.

Nilichimba kiota kizima, nikakitia ndani ya chungu cha mama yako, nikafunika kwa kitambaa kibichi. Kwa Bwana sikueleza kitu. Nilisema tu, "Bwana, mshike mwenyewe."

Akamshika. Pu.

Alitazama kidole chake kikigeuka rangi. Akachukua kioo. Akaivuta ile pembe taratibu kwa koleo, haikutoka. Akavuta nyingine. Akaweka koleo mezani, akasema kwa Kiswahili, ili na mpishi wake asikie, "Mwinshehe hakutengeneza."

Tulifanya kazi pamoja baada ya hapo. Mimi nilichora na kuandika kwa Kijerumani chetu cha shuleni: mgongo unang'aa kama buni iliyokaangwa, pembe zina kishimo, na kwenye kishimo kuna nywele za dhahabu ambazo sisimizi huzilamba. Yeye alisahihisha. Alitaka kumpa mdudu jina la mkewe. Nikamwambia, "Samahani Bwana, huyu ana mwenyewe."

Tukawatumia wataalamu wa Berlin maandishi yetu na mwenzake mmoja aliyekuwemo kiotani, na leo treni imeleta jibu lao. Ni aina mpya, haijapata kuandikwa na mtu yeyote duniani. Nalo jina lake ni wewe, Mwinshehe, umeongezewa tu mkia wa Kilatini. Bwana alilisoma barazani mbele ya wagonjwa wake wote. Mwenye duka la nguo, aliyekuwa wa kwanza kukuita Bwana Ulimbo, alisikia, akasema polepole, "Kumbe alikuwa mkweli." Nimembeba mbawakawa wetu nikawaonyesha, ndipo naye akanibabua vidole.

Mama yako alimtazama sana. Akaniuliza, "Huyu mjukuu wangu ana miguu mingapi?" Nikamwambia sita. Akasema, "Basi atafika mbali."

Sasa nisikilize, mtani, nikupe haki yako iliyochelewa. Waluguru wenzako wanapokufa huacha migomba na mashamba. Wewe umeacha mdudu asiyefaa hata kwa kitoweo, anayeishi kwa kulambwa na kulishwa bure kwenye nyumba za watu, kama wewe ulivyoishi kwangu. Na wazungu wa Berlin sasa watavunja ndimi zao kwa jina lako mpaka Kiyama.

Nimeyasema haya kaburini kwako kwa sauti, na mama yako alikuwepo. Amecheka.

Lala salama. Kiota nitakirudisha mlimani, wala sitakitia moshi tena maisha yangu yote. Kila masika nitapanda, nitainua lile jiwe lako, nitamsalimu somo wako, na nitalirudisha kama lilivyokuwa.

Mzigua wako