Bega la Kulia la Dada Zuena

Dada Zuena,

Hii ni wiki ya tano tangu tukuzike hapa Ujiji, na wanawake wa Kibirizi wamehamisha chanja zao za dagaa wasianike karibu na Mama Kezia. Yule Mrundi wako, aliyekukanda bega kwa mawese kila asubuhi. Wanasema alikupaka kitu. Uvumi huo una mwenyewe, Dada. Ni mimi.

Daktari alituambia jiwe liliziba mrija wa nyongo. Nilimshuku papo hapo, unanijua. Nyongo iko tumboni, nikamuuliza, sasa bega la kulia limeingiaje? Wagonjwa walikuwa wamejaa mlangoni, akaita anayefuata. Basi nikaja kwenye matanga, nikauliza swali lile lile kwa sauti huku namtazama Mama Kezia. Akasema, "Mimi nilikanda palipouma, basi." Nikaguna. Mguno wangu ulitosha.

Jibu nimelikuta juzi katika kitabu cha uuguzi cha binti yako. Nilikisoma kwa ubishi, natafuta kosa. Mrija ule una mishipa yake ya fahamu. Mingi inatoka mgongoni, lakini kuna mmoja unaoshuka toka shingoni, upande wa kulia, hadi kwenye kiwambo cha kupumulia kilicho juu ya ini, na nyuzi zake zinafika penye nyongo. Ngozi ya bega nayo inapata hisia zake shingoni pale pale. Mrija ukiuma, ubongo unadhani ni bega.

Kushuku sijaacha, nimegeuza upande tu. Uliponilalamikia bega nilikwambia, "Punguza kubeba ndoo, uzee huo." Ukacheka, ukaenda kwa aliyekuamini. Nashuku nilitaka awe muuaji kwa sababu ulimwita yeye, hukuniita mimi.

Ulizoea kusema mdomo wangu unakimbia kuliko mtumbwi wa mashine. Safari hii mdomo huo umeshafika Kagunga, mpakani kabisa na Burundi, na kuurudisha ni kwa kasia.

Arobaini yako ni Ijumaa. Nitamfuata Mama Kezia kwake, nimwombe radhi, nimwombe aje. Mbele ya wanawake wote nitakiri nilichofanya, kisha nitakaa jamvini, nifunue bega langu la kulia, nimwombe alikande.

Akikataa, ana haki. Jumamosi nitahamishia chanja yako kando ya yake, nianike hapo kila mtu aone.

Pumzika, Dada. Ndoo nitabeba mimi.

Mdogo wako