Sanduku la Miwani, Ihumwa

Jumatatu, 1 Septemba 1958
Vipindi vitatu asubuhi. Kusoma nimefundisha bila kitabu. Darasa la pili wanadhani nina akili nyingi. Nimekariri tu. Herufi zote zimekuwa ukungu. Nimemkemea mke wangu Debora kwa kuninunulia wino hafifu. Chakula: samaki mkavu wa Kigoma, laini, hana mwiba hata mmoja.

Alhamisi, 4 Septemba
Barua ya mkaguzi wa shule. Nimewapa darasa la nne waisome kwa sauti, nikaita zoezi. Anakuja tarehe 15 na kitabu kipya. Kila mwalimu atasoma mbele yake. Mwenzangu wa Kibakwe alishindwa mwaka jana, sasa analima karanga. Naogopa sana.

Jumamosi, 6 Septemba
Bwana Jivraj, mwenye duka la vitambaa mjini, amekuja. Yeye na wenzake wana chama cha kujitolea: Wahindi, Wazungu wawili, karani wa reli. Vyama vya namna hiyo huko ng'ambo vimekusanya miwani zilizokwisha kutumika. Sanduku zima limefika kwa treni. Jumamosi ijayo watapima macho hapa shuleni, bure. Mimi nishike kadi ya herufi na kutafsiri Kigogo. Nimekubali mbio. Macho yangu sikuyataja. Nitajichagulia moja kimyakimya.

Jumatano, 10 Septemba
Hofu: hatakuja mtu. Hofu nyingine: watakuja wote, miwani ziishe.

Jumamosi, 13 Septemba
Wamekuja hadi kivuli cha darasa hakikutosha. Wasiojua kusoma walipewa sindano na uzi, au ungo wa uwele wenye mawe. Wazo la mke wa Jivraj, zuri kuliko kadi. Mzee mmoja alitunga sindano tano mfululizo, akakataa kuzirudisha.

Kisha Bibi Mbeleje, jirani yangu, msomaji wa kwanza wa siku. Akavaa miwani, akaitazama kadi mikononi mwangu, akacheka hadi akakaa chini.

"Mwalimu, mwanangu! Umeishika kichwa chini tangu asubuhi!"

Uwanja mzima ulicheka. Nilitamani ardhi inimeze. Jivraj hakucheka. Alinivutia kiti. Miwani tisa, zote hapana. Ya kumi ni ya mwanamke wa Kizungu: nyekundu, ncha juu, vijiwe vinameta. Nikaona mishono ya shati la Jivraj. Nikaomba ya kiume. Hakuna. Nimerudi nayo mfukoni, nimekasirika.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimeivaa. Darasa la pili walicheka wakagaagaa. Nikawaacha. Mkaguzi alinitazama kitambo, akanipa kitabu. Nikasoma ukurasa, nikafungua wa pili.

"Inatosha, Mwalimu."

Nikaendelea kidogo. Nabaki kazini. Mungu awabariki wale watu wa ng'ambo, pamoja na huyo mama na vijiwe vyake.

Jumanne, 16 Septemba
Nimesoma shajara hii tangu mwanzo. Mistari inapanda na kushuka, mingine imepandana. Nimemwomba Debora radhi kwa ule wino. Anasema habari ya macho yangu aliijua tangu Pasaka. Kumbe ndiyo maana samaki wangu hakuwa na miba. Mimi nilidhani ndio samaki wa siku hizi.

Leo ameniletea mzima. Nimemchambua mwenyewe, polepole, mwiba kwa mwiba.