Meza Iliyohamia Upande wa Kaunta

Shemeji Magesa,

Sikuulizi hali. Huko uliko sijui salamu zinapokelewaje, na wewe mwenyewe hukuwa mtu wa kungoja salamu ziishe. Naanza na lililonileta. Fainali imechezwa Jumamosi hapa kwangu Nyasho, na nusura ligi yako ife mbele ya macho yangu. Jina lako nalo lilitajwa vibaya, tena kwa sauti. Nimeona ulisikie kutoka kwangu, kabla mwingine hajaja huko akakusimulia kwa kutia chumvi.

Tangu tukuzike, mambo ya pool yamekuwa makubwa mpaka nachoka. Unakumbuka tulivyoanza? Meza moja hapa kwenye grosari yangu, nyingine kwa wale wauza samaki wa Mwigobero, na mshindi alikuwa anapewa sato wa kukaanga, ambaye mwisho mlimla wote pamoja na aliyefungwa. Kaka yako alikuwa bado hai. Alikuwa akikaa pale mlangoni anasema huu ni uvivu tu, ila umepewa ratiba. Ukaazima pikipiki ukaenda Bunda kuwabembeleza watu wa Manyamanyama mpaka wakaingia. Ukaenda Buswahili kule Butiama, ukashinda kutwa nzima unawangoja watoke kwenye mihogo yao, ukarudi na vumbi mpaka kwenye kope, unacheka peke yako.

Leo timu nyingine nazitambua kwa jezi tu. Kuna katibu, kuna kundi la WhatsApp lisilolala, kuna spika na mshereheshaji, na afisa utamaduni anaalikwa kukaa kiti cha mbele. Ungefurahi. Halafu ungekasirika, nakujua.

Maana lile jambo lako la kutambulisha meza ndilo walilotaka kulitupa.

Wewe unajua kwamba meza zetu hakuna iliyonyooka. Nyingine imekaa kwenye udongo, nyingine mguu umewekewa kipande cha kandambili. Ndiyo ukasema mwenyeji lazima amwonyeshe mgeni meza inalala wapi kabla gemu ya kwanza haijaanza. "Mgeni anaonyeshwa meza kama anavyoonyeshwa choo." Ulikuwa unayasema hayo mbele ya watu wanaokula, huna hata aibu. Kisha unachukua mpira mweupe, unauviringisha kwa mkono taratibu, wageni wanainama kuutazama unakoelekea, na unawapa maneno yako yale yale: "Hapa kwetu meza inalala dirishani. Ukienda polepole itakupeleka dirishani. Usije ukasema sikukwambia." Nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuyasema nikiwa usingizini.

Arobaini yako ilipopita tu, wakaitisha kikao Manyamanyama. Nilikwenda na mwanao Masatu, maana sasa yeye ndiye kapteni wetu. Makuru, kapteni wao, yule fundi cherehani mrefu uliyekuwa unamsifu kwamba anacheza kama anatia uzi kwenye sindano, akasimama akasema mgeni ajitafutie mwenyewe. "Hata kwenye mpira wa miguu, nani anakuonyeshaga shimo la uwanja wake?" Watu wakapiga makofi. Na mimi, shemeji, nilikaribia kupiga, alivyolisema vizuri.

Masatu akasimama. Akasema jambo hilo likiondolewa, Nyasho haichezi. Makuru akajibu kwamba wakilazimishwa, Bunda wataanzisha ligi yao, na timu za Butiama zichague pa kwenda. Nikamtazama Wambura wa Buswahili, nikaona anatazama chini. Wakakubaliana tumalize kwanza msimu, na uamuzi utolewe siku ya fainali. Kwa hiyo waliokuja Jumamosi walikuja kuangalia mambo mawili, na kombe lilikuwa la pili.

Sasa nikueleze habari ya sakafu.

Nilipojua fainali ni kwangu, niliona haya. Ile saruji ya pale dirishani ilikuwa imetitia tangu enzi za kaka yako. Nikaita fundi avunje yote aweke marumaru. Vijana wa timu wakainyanyua meza, Masatu akiwa ameshika kona, ikakaa uani chini ya turubai. Fundi naye, kama mafundi wote, akatupiga kalenda, kesho, kesho kutwa, hadi meza ikarudi ndani asubuhi ya fainali yenyewe. Hakuna aliyeijaribu. Tulikuwa tunahangaika na viti, na masufuria, na huyo afisa utamaduni ambaye alitaka kiti chenye mito.

Mchana watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye madirisha. Bunda walikuja na mabasi madogo mawili na ngoma. Mshereheshaji akamwita Masatu atambulishe meza, akamkabidhi maiki. Basi mkono mmoja una maiki, mwingine una fimbo ya kuchezea, na mpira mweupe ukabaki pale pale ulipo. Masatu akaanza. "Hapa kwetu meza inalala dirishani..." Shemeji, ilikuwa sauti yako. Hata kule kukohoa kidogo katikati. Watu wa Nyasho wakashangilia, mama yake akafuta machozi kwa kanga, na mimi nikaacha kuhesabu soda nikasimama tu kama mlingoti. Nilifurahi! Nilijua hapo tumeshawamaliza Bunda kwa hoja.

Wa kwanza kufikisha gemu tatu ndiye bingwa. Gemu ya kwanza tukashinda. Ya pili tukashinda. Vijana wetu wanapiga kwa nguvu, unawajua, mpira hauna hata muda wa kupotea njia. Lakini Makuru anacheza polepole. Anaupa mpira nafasi ya kwenda dirishani kama alivyoambiwa, na mpira unakataa, unakuja huku kwenye kaunta yangu. Mara ya kwanza nilidhani amekosea. Mara ya pili nikaona amegeuka kumtazama Masatu. Alipokosa mpira mweusi wa gemu ya tatu, mpira ambao hata mimi na miwani yangu ningeutia, kijana wetu akautia. Makuru akaweka fimbo chini. Akachukua mpira mweupe, akauweka katikati, akausukuma kwa kidole.

Ukaenda zake taratibu, ukajikunja, ukalala upande wa kaunta.

Nilisikia mafuta yakichemka jikoni. Halafu nyumba nzima ikalipuka.

"Kumbe ndivyo mnavyotufanyiaga!" Mmoja wa Bunda akaning'inia dirishani anapiga kelele kwamba ndiyo maana Nyasho hawafungwi kwao. Vijana wetu wakajibu kwamba hawakujua. Mwingine akauliza nani aliinyanyua hii meza, na mpishi wangu, Mungu amsamehe mdomo wake, akasema Masatu mwenyewe alishika. Basi. Wakamzunguka. Nikamwona kijana mmoja anaigeuza fimbo ashike upande mwembamba, nikajua sasa panapigwa mtu. Nikapanda juu ya kreti, nikapiga kelele kwamba atakayeinua fimbo ndani ya nyumba yangu atatoka bila meno. Walinisikia walio karibu tu.

Halafu Makuru akasema lile neno. Hakulisema kwa kelele, ndiyo maana lilifika. "Masatu, nikuulize. Ni baba yako alikufundishaga hivi?"

Niliumia, shemeji. Niliumia kuliko siku ile hospitali. Kwa sababu siku ile ulikuwa unaondoka wewe, na hii ilikuwa ni kila kitu ulichokiacha. Nyuma yangu nilisikia mtu anasema kwamba hata yule mzee alikuwa mjanja mjanja, eti alikuwa anawaviringishia mpira wa kiinimacho. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga mtu, na kwenye kreti huwezi kufanya vyote viwili.

Masatu alikuwa amebadilika rangi. Wenzake wakamvuta shati. "Kapteni, nyamaza. Gemu zimeshahesabiwa." Walikuwa na haki kwa kanuni, katibu alikuwa ameshaandika. Angenyamaza dakika chache zaidi kombe lilikuwa letu, na ligi ilikuwa imekwisha hapo hapo.

Mshereheshaji akamnyooshea maiki ajieleze, Masatu akaikataa. Akaegemeza fimbo ukutani. Akauchukua mpira mweupe akauviringisha kutoka huku kwenda kule, akautazama. Akahamia upande wa pili. Akaenda kona kwa kona, ameinama, taratibu, bila kusema lolote, na kila alipohama watu walimpisha. Ngoma ikanyamaza. Mwisho wa yote hata wale wa madirishani walikuwa wameinama nao wanatazama.

Ndipo akainuka. Akasema, "Baba hakuwahi kuwadanganya. Yeye alikuwaga anaangalia. Mimi nimesema tu." Akamgeukia katibu akamwambia afute gemu zote tatu.

Mmoja wa vijana wetu alivua jezi akaitupa chini. Simtaji, nitamshughulikia mwenyewe. Lakini Wambura wa Buswahili, yule aliyetazama chini kule kikaoni, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mimi nimefungwa hapa na Magesa mpaka nimezeeka. Sijawahi kufungwa bila kujua meza inalala wapi." Kisha akakaa. Watu wa Butiama hawana maneno mengi, lakini lile lilitosha. Yule aliyekuita mjanja mjanja sikumsikia tena.

Wakaanza upya. Sikuweza kuangalia, nilikuwa nachungulia nikiwa kaunta kama naangalia mtoto anavuka barabara. Tukaenda bega kwa bega mpaka gemu ya mwisho, mpaka mpira mweusi. Zamu ilikuwa ya Masatu. Mpira ulikuwa karibu na shimo la dirishani, shemeji, na ingekuwa ile sakafu ya zamani ungejiendea wenyewe. Aliupiga taratibu. Ukakaribia, ukasita, ukatuacha. Makuru akaja akautia bila hata kupumua.

Kombe limekwenda Bunda. Najua ungetaka nikueleze kwamba tulishinda. Hatukushinda. Wengine hapa mtaani bado hawamsalimii mwanao, wanasema amegawa kombe kwa mdomo wake. Mama yake hajui amkasirikie au ampikie. Mimi nilimwita jikoni nikampa kichwa cha sato, na hakukila, alikitazama tu machozi yanamtoka. Nikamwacha alie. Nikalia na mimi, tukasingizia moshi.

Lakini subiri. Wakati wa kuondoka, ngoma zimeshapakiwa na yule afisa ameshatoa hotuba yake ndefu, Makuru alikuja kaunta. Kombe amelikumbatia kwapani kama mkate. Nilimkunjia uso, nikadhani amekuja kutamba. Akaangalia marumaru yangu, akaangalia meza, akasema, "Mama, mwambie Masatu mwakani waje Bunda mapema. Meza yetu ina ubaya wake, inabidi nimwonyeshe." Kisha akatoka.

Hakusema mambo ya ligi mbili. Kikao kile cha uamuzi hakikuitishwa, na mpaka leo hakuna aliyekiulizia, hata huko kwenye WhatsApp ambako watu huulizia kila kitu.

Kuna jambo moja nakuomba radhi, shemeji. Yale maneno yako hatuyasemi tena. Masatu amekataa, na mimi nimekubaliana naye. Jana walikuja vijana wa Mwigobero kwa mechi ya kirafiki. Mwanao akauviringisha mpira, wote wakainama, hakuna aliyefungua mdomo. Nilikuwa nimezoea kukusikia pale. Kulikuwa kimya kabisa, na mpira ukaenda ulikokwenda.

Lala salama, Magesa. Mwambie kaka yako sakafu imeisha. Na nakuahidi, maadamu nipo na grosari hii ipo, hakuna mgeni atakayeshika fimbo hapa kabla hajaona kwa macho yake mwenyewe.

Shemeji yako,
Mama Nyanjura