Mkono Wako na Udongo wa Simi-Simi

Mama yangu uliyeondoka ukingali unangoja,

Jibu la udongo wako limetoka. Nimekaa nalo tangu juzi, nikijaribu kufikiri nimpe nani, na kila mara ninakuja kwako. Basi nakuandikia.

Unalikumbuka shamba lile la bondeni, nyuma ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi, ambalo papa alikukatia mlipooana. Bitekuteku zako, mchicha wetu ule, zilikuwa zinaota vizuri, zinapendeza, mpaka unaanza kutuambia sketi gani utatununulia zikishauzwa sokoni. Mvua ikikosa siku chache tu, mboga zote zinalala chini. Juu kidogo, kando ya barabara, mboga za Tantine, dada yake papa, zimesimama. Siku moja alishuka shambani kwako, akachota udongo, akaufinya kiganjani, akaukuta na unyevu. Akasema mbele ya wanawake wote: "Maji iko. Mbegu ni moja. Alors, kama si mukono ya bokilo wangu, ni nini?"

Kuanzia siku hiyo wewe bokilo wake, mke wa kaka yake, ulikuwa mtu wa mkono mbaya. Wakati wa kupanda ulipewa jembe, ulipewa na sufuria, lakini mbegu hukuachiwa uziguse. Wewe ulicheka tu, ukasema afadhali, kuinama-inama kunakuumiza mgongo. Mimi nilikuwa mdogo, nikakuamini. Halafu mdogo wangu Dieudonné akafa kwa homa mikononi mwako, na maneno yale yakatoka shambani yakaingia nyumbani. Hakuna aliyekuambia kitu. Ila wanawake wa ukoo waliacha kukupa watoto wao uwabebe, na wewe ukaacha kuomba.

Nilipojifungua Grâce ulikuja hospitali na supu ya samaki. Ukaitua chini, ukasimama mlangoni, mikono umeifungia ndani ya kitenge. Nikakunyooshea mtoto, ukarudi nyuma.

"Hapana, mama. Mukono yangu iko mubaya."

Nilikasirika, mama, mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Nilikuambia kazi inayonilisha ni kupima udongo, basi wa kwako nitaupima, tuone mwenye kosa ni nani. Ukaniambia: "Bon. Upime. Kama ni udongo, nitamubeba."

Tulikwenda pamoja. Nilididimiza pete za chuma ardhini, nikazitoa zikiwa zimejaa, nikasawazisha kwa kisu. Nilichukua na za shamba la Tantine. Wewe ulinigombeza kwamba mwenye diploma anakanyaga miche. Siku ulipokuja maabara na kukuta pete zako zimefungwa kitambaa kwa chini, zimelazwa ndani ya maji, uliuliza kama udongo wako umelazwa wodini, na kama wagonjwa wenzake wanaendelea vizuri.

Nilikueleza kazi yenyewe. Kwanza udongo unanyweshwa kutoka chini mpaka ushibe. Kisha unawekwa juu ya sahani ya kauri ndani ya chungu kizito cha chuma, kinafungwa, na kompresa inasukuma hewa. Maji yanatoka polepole kwa mrija. Mrija ukiacha kudondosha, tunapima uzito, tunaongeza nguvu ya hewa, mpaka tufikie nguvu ile ambayo mzizi umeshashindwa kunyonya. Mwisho kabisa tunaukausha kwenye tanuri, ndipo tunajua kila hatua ulikuwa umebakiwa na maji kiasi gani. Ulisikiliza yote, ukaniuliza: "Na mutoto atangoja yote ile?"

Alingoja. Umeme ukikatika, nguvu inashuka ndani ya chungu, udongo unayanywa tena maji uliyokwisha kuyatoa, na mimi naanza upya. Ulikatika mara nyingi, wewe unajua mji wetu. Kila Jumapili baada ya misa uliniuliza, "Inadondosha?" Nikijibu bado inadondosha, uliketi mbali kidogo na Grâce ukamchekesha kwa macho na mashavu, mikono iko chini ya mapaja. Alikufahamu hivyo. Hadi leo akimwona bibi yeyote anavimbisha mashavu.

Ulianguka asubuhi moja ukichambua pondu, majani ya muhogo, na hukuamka tena. Kabla ya kufunga sanduku nilimwinamisha Grâce ili mkono wake uguse wako, angalau mara moja. Tantine akamvuta. Alisema, "Si hivyo, marehemu atamupeleka naye." Nilikuwa sina nguvu ya kubishana. Niliona mkono wako umebaki pale juu ya shuka, peke yake, na ndiyo picha inayonijia kila nikifumba macho.

Sasa jibu. Udongo wako ni mzito, mama, ule wa kufinyangia vyungu. Unashika maji mengi kuliko wa Tantine, mengi sana, lakini unayakaza, hauyaachii. Mboga zinanyonya kidogo tu, halafu zinakufa kwa kiu, na ukiugusa bado una unyevu. Wa Tantine unashika machache na unayaachia. Hata malaika angepanda pale bondeni, bitekuteku zake zingelala vilevile. Kuhusu Dieudonné sina chombo cha kupimia. Ila ninajua homa ya malaria, na ninajua ulimbeba kwa miguu hadi zahanati.

Jana nilimpelekea Tantine jibu. Nilikwenda na hasira zangu zote, nimezipanga. Nilimwekea udongo wa aina mbili mbele yake, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Aliufinya wa kwako kiganjani, akaufinya tena. Kisha akaanza kulia, na mimi nikakosa pa kuziweka hasira zangu. Aliniomba nimsamehe kwa niaba yako. Nilikataa, mama. Nilimwambia haki hiyo sikupewa. Najua wewe ungemsamehe papo hapo, na ungempikia, na hilo ndilo linalonichoma.

Leo amekuja mwenyewe. Hajui kuandika, kwa hiyo ameketi hapa ubavuni mwangu, Grâce amemlalia mapajani, ananiambia niandike maneno yake kama yalivyo. Haya:

"Bokilo. Mukono yako haikukuwa mubaya. Ni miye ndjo nilisema. Mutoto wako hakukufa sababu ya mukono yako. Mujukuu wako nilimuvuta kwa sanduku, nilikosa. Mukono yako iko muzuri."

Nimemsomea. Ameniambia sentensi ya mwisho niiandike tena.

Mukono yako iko muzuri.

Pumzika sasa, mama.

Ni mimi, binti yako, mama yake Grâce