Umebaki Upande wa Mama Nestori

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikasubiri kidogo, kama mjinga, halafu nikaendelea. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili. Kihangaza changu kiko mdomoni tu, na mdomo wenyewe siku hizi haunitii. Ungekuwepo ungeniuliza tangu lini nimekuwa karani.

Tunahama, Mama. Kesho lori linakuja kutubeba kwenda Biharamulo, kwa kaka Deo. Baba hawezi tena kuupanda mlima huu, magoti yamekataa, na Deo ana nyumba yenye chumba kimoja cha ziada, na hospitali si mbali. Shamba limenunuliwa na mwalimu mmoja kutoka Ntobeye, mtu mpole, anaongea chinichini utadhani anaogopa kumwamsha mtoto. Sina ubaya naye. Kila mtu hapa Mabawe ananiambia tumefanya jambo la maana, nami naitikia, halafu nikibaki peke yangu sijui nimeitikia nini.

Kiangazi cha mwaka huu ni kibaya. Migomba imekunja majani, vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi, na bati linaalika mchana kutwa kwa jua. Katika joto hilo ndimo ninamofunga mizigo. Nilitia sufuria zote kwenye gunia, nikalishona mdomo vizuri, ndipo Baba akaomba uji. Nikafumua. Kanga zako nimezitia kwenye begi mara tatu, na mara tatu nimezitoa, kwa sababu nikizibeba ni kama umehama na sisi, na nikiziacha ni kama sijui nini. Juzi nilijikuta katikati ya chumba chako nimeshika ungo, sikumbuki nilikuwa naupeleka wapi. Nikaita, "Mama, na huu ungo?" Kwa sauti, Mama. Deo alikuwa mlangoni, akajifanya hakusikia.

Lakini si hayo yaliyonikalisha hapa juu ya gunia la maharage nikuandikie. Nilifanya kosa, na kosa lenyewe linakuhusu wewe.

Unakumbuka siku zile za mwisho, tulivyokuuliza kwa kuzungukazunguka ungependa kupumzika wapi. Wewe hukuzunguka. Ulisema, "Mnizike pale mpakani na yule wa ng'ambo, nimwone vizuri akisogeza." Ukacheka mpaka ukakohoa. Yule wa ng'ambo ni Mama Nestori, jirani yetu, ambaye jina lake sikuwahi kulisikia kinywani mwako. Tangu nipate akili mlikuwa mnaugombania mpaka ule. Yeye alisema umeingia kwake hatua mbili, wewe ulisema jembe lake lina miguu. Kanisani padri aliposema tutakiane amani, ulimpa vidole viwili, basi. Mimi niliyekaa katikati yenu niliona aibu, na kucheka pia nilicheka.

Basi tulikuzika pale. Siku ile wachimbaji walikosa pa kusimama, wakang'oa miti ya mpaka, ile ya majani marefu membamba uliyoipanda na Baba mlipoanza maisha. Katika kilio kile hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Msalaba wa mbao mchwa waliuanza mapema. Mimi sikutaka upotee, na kama unavyojua, kaburi lisilo na saruji tunaliwekea mti uleule wa mpaka, maana haujali jua wala mbuzi. Nikakata vipande sita nikavichomeka. Ila nilivichomeka upande wa nyumbani tu, pale nilipokuwa nimesimama nalia. Upande wa Mama Nestori sikuufikia. Nilisema nitamalizia kesho yake, na kesho yake sikurudi. Vimeota vyote sita, Mama. Vimesimama mstari ulionyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kupanda.

Jumatatu wakaja kukagua mipaka kabla ya makabidhiano: mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu, Deo, na Mama Nestori kama jirani wa upande ule. Baba alibaki kwenye kiti chake barazani. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia ndizi na maharage, kwa sababu watu wa mpaka hawaondoki na njaa kwetu. Walikuta mstari wa miti, wakaufuata. Deo aliniambia baadaye alidhani Baba amepatana na jirani ili kaburi lisiuzwe, na mwenyekiti naye alidhani vivyo hivyo. Nilipotoka na sahani, walikuwa wamekwisha kufunga vitambaa vyekundu kwenye miti yangu sita. Wewe pamoja na migomba mitano mlikuwa mmebaki ng'ambo, kwenye shamba la Mama Nestori.

Na yeye alijua. Hakuna mtu wa mlima huu anayeujua mpaka ule kama yeye, sasa wewe hupo. Mwanamke aliyekuwa akipiga kelele kuku wetu akivuka, alitazama vitambaa vinafungwa, akapokea sahani, akasema ahsante mwanangu, akala. Nilimwaga mchuzi. Nami sikusema kitu. Hapo ndipo kosa likawa langu kweli.

Asubuhi yake niliteremka nikiwa na hasira zako, si zangu. Nikamkuta amepiga magoti juu yako, anang'oa majani makavu. Nilimwamkia hivyohivyo kwa hasira, akaitikia marahaba, hakuinuka.

"Usinitazame hivyo, Devota," alisema. "Migomba hiyo chukueni, hata leo. Lakini huyu mwalimu mama yako hamjui. Kaburi hili mimi naliona kila nikifungua mlango."

Nilimwambia, "Ulimpa tabu akiwa hai, unataka kumchukua amekufa?" Samahani, Mama, nilimwambia mtu mzima hivyo, ungenikata jicho. Hakukasirika. Alikaa chini kwenye udongo akasema, "Sasa nitagombana na nani? Tangu aende hata kulima sina hamu. Nikiinua kichwa hakuna anayenichungulia."

Nikarudi nyumbani sijui nina hasira au nina huruma. Siku mbili nimezunguka na jambo hili katikati ya magunia. Nikisema ukweli, mpaka unarudi mahali pake, nawe unabaki mikononi mwa mgeni ambaye hata jina lako hajui. Nikinyamaza, namwibia mwalimu wa watu, halafu nakukabidhi kwa mtu uliyetaka kumchunga kwa macho mpaka kiyama. Nilikuuliza. Nilikaa pale kaburini jua la saa saba likinichoma utosi, nikakuuliza kwa Kihangaza na kwa Kiswahili. Ulininyamazia kote kuwili.

Leo asubuhi walikusanyika uani kuweka sahihi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nilisimama bila kujua nimeamua. Nikasema miti ile sita ni yangu, niliipanda mwenyewe baada ya mazishi, ni alama ya kaburi, si mpaka, na mpaka wa kweli uko upande wa pili pale miti ilipong'olewa. Deo alinitazama kama nimevua nguo mbele za watu. Mama Nestori akainamisha kichwa.

Ndipo Baba akasema kutoka kwenye kiti, "Mimi niliona."

Macho yake ya karibu yamekwisha, lakini ya mbali bado anayo. Alikuwa ameviona vitambaa vinafungwa, akanyamaza. "Nilisema nitamwambia mwalimu leo. Binti amenitangulia," akasema. "Mwalimu atamheshimu mama yenu, najua. Kumkumbuka hawezi. Wa kumkumbuka, sisi tukiondoka, hapa anabaki mmoja tu." Akamnyooshea fimbo Mama Nestori. Halafu akamgeukia mwalimu akamwomba kipande kile, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kumwona nao, hata alipokuja kwa babu kukuposa sidhani.

Mwalimu alivua kofia. Aliuliza kitu kimoja tu, jina lako, ili akipita pale asipite kimya. Baba akamtajia. Wakaandika upya kwamba kipande kile chenye kaburi familia imempa Mama Nestori kwa hiari, na mwalimu amekubali. Alipoombwa kuweka dole gumba, Mama Nestori alilia. Alilia kwa sauti, akilitaja jina lako, kilio ambacho siku ya mazishi alikizuia mbele yetu.

Sasa niambie, Mama. Nimekutunza au nimekusaliti? Wenzangu wanasema tumefanya vizuri, Deo ameniomba radhi, Baba amelala usingizi wa mchana ambao hakuupata wiki nzima. Mimi nalia, halafu nacheka, halafu nashika kamba nifunge godoro nasahau fundo linaanzia wapi. Nina hasira na Baba kwa kuniacha nibebe siku mbili peke yangu. Nina wivu na Mama Nestori. Ndiyo, wivu, mtu mzima mimi. Yeye atakuona kila asubuhi, na mimi niliyekuogesha mpaka siku ya mwisho nitakuwa Biharamulo nauliza maji yanatekwa wapi. Na ninakukosa mpaka kifua kinauma, hili nalijua bila kuchanganyikiwa.

Jua limeanza kulegea. Deo ananiita nimsaidie kabati. Kwaheri, Mama, pumzika. Kanga mbili nazibeba, moja nimempa yule wa ng'ambo, usiniulize kwa nini. Naahidi nitakuja Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, mvua zikiwa zimeanza, nikupandie upande ule ambao sikuufikia. Nitakuja kila mwaka, Mungu akinipa uzima.

Ila nimewaza jambo sasa hivi, kalamu iko mkononi. Nikija kumwona mama yangu, itabidi nisimame mlangoni kwa mtu mwingine, nisubiri nikaribishwe.

Nitapiga hodi, Mama.

Mwanao,
Devota